Kuipima presha ya mchezaji wa sataranji kwa kompyuta

Ukiingiza mchezo wa sataranji kwenye kompyuta, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni makosa. Hatua ya 23 kosa dogo, hatua ya 31 kosa kubwa, hatua ya 38 msiba. Wazazi wanaoniletea michezo ya watoto wao hapa Langoni, Lamu, wengi huishia hapo. "Fundi, huyu mtoto ana presha, hebu tazama alivyoharibu." Nami huwajibu kwamba kosa si presha. Mtu hukosea kwa sababu hajui. Hukosea kwa sababu mkao wenyewe ni mgumu, hata bingwa angetoka jasho. Hukosea kwa sababu amechoka au ana njaa. Na hukosea kwa sababu kitu anakijua kabisa, ila wakati ule kichwa kimebanwa. Hilo la mwisho ndilo ninaloliita presha, na hakuna programu itakayokuonyesha moja kwa moja. Inachoweza kufanya ni kukusaidia kuyaondoa yale mengine, halafu ukakitazama kilichobaki.

Kazi yangu ni kutengeneza simu na laptopu. Sataranji naifundisha jioni, barazani, kwa vijana wa mtaa na yeyote atakayekuja. Sikusomea saikolojia, na ninayoyaeleza hapa si uganga wa kusoma moyo wa mtu. Ni namna ya kupanga nambari ambazo tayari zimo ndani ya simu yako, ili ukienda kuzungumza na mchezaji uwe na la kuuliza.

Vifaa na karatasi

Simu yenye Lichess, programu ya kuchezea sataranji, inatosha. Ni bure, haina matangazo, ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa aitwaye Thibault Duplessis, na injini iliyomo ndani, yaani programu inayokokotoa hatua bora, ni Stockfish, ambayo nayo ni bure tangu ilipotoka mwaka 2008. Usimlipe mtu pesa kwa uchambuzi. Mchezo ukiisha, omba uchambuzi wa kompyuta: hesabu hufanywa na mashine zao huko, simu yako inapokea majibu tu. Ukiiwasha injini ndani ya simu yenyewe, jiandae kwa simu kupata moto na betri kushuka. Fanya hivyo kwa mikao michache unayotaka kuichimba.

Kama mchezo ulichezwa mtandaoni, saa imehifadhiwa pamoja na hatua, huna kazi zaidi. Taabu ni michezo ya ubaoni. Watoto huandika hatua na hawaandiki saa, na bila saa nusu ya kazi hii imekufa. Sheria za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, zinaruhusu kuandika muda uliobaki kwenye karatasi ya mchezo, kwa hiyo wafundishe: kila baada ya hatua tano, andika dakika zako pembeni. Katika hatua ngumu, andika hapo hapo.

Kuna tundu moja. Sheria hizo hizo zinasema mchezaji akibakiwa na chini ya dakika tano, na hakuna nyongeza ya sekunde 30 au zaidi kwa kila hatua, halazimiki tena kuandika. Yaani pale hasa presha inapopanda, karatasi inakatika. Ndiyo maana michezo yetu ya mazoezi tunaicheza dakika 30 kwa kila mmoja na nyongeza ya sekunde 30 kila hatua: karatasi inakwenda mpaka mwisho. Ikibidi mcheze bila nyongeza, muwekeni mwenzenu mmoja na kalamu, akae kimya, aandike hatua za pande zote mbili. Akae kimya kweli. Pale Mkunguni, kwenye bao, kila aliyesimama ana la kusema na wachezaji wamezoea. Mtoto wa sataranji aliyezoea chumba kimya huvurugwa na mguno mmoja tu.

Geuza askari kuwa asilimia

Injini huhesabu kwa askari. +1.00 maana yake Mweupe yuko mbele kwa thamani ya askari mmoja, −2.00 Mweusi yuko mbele kwa wawili. Watu wengi huchukua tofauti kabla na baada ya hatua, wakaiita ukubwa wa kosa. Hapo wanapotea. Kuanguka kutoka +9 hadi +6 ni askari watatu, na kuanguka kutoka +1 hadi −2 ni askari watatu vilevile. Wa kwanza bado anashinda huku anapiga miayo. Wa pili alikuwa juu kidogo, sasa yuko taabani.

Kwa hiyo geuza kila tathmini iwe asilimia ya matumaini ya kushinda. Lichess wana fomula yao, iliyotokana na michezo halisi ya wachezaji wenye kiwango (nambari ya uwezo) cha karibu 2300. Kwenye Excel au Google Sheets, weka tathmini kwenye safu ya B, halafu kwenye C andika:

=50+50*(2/(1+EXP(-0.368208*B2))-1)

Jaribu mwenyewe. +9 inatoa 96, +6 inatoa 90: hasara ya pointi 6. +1 inatoa 59, −2 inatoa 32: hasara ya pointi 27. Sasa nambari inafanana na maumivu. Injini ikisema kuna mati, andika 10 au −10 na uendelee. Kwa Mweusi, toa jibu kwenye 100. Kumbuka tu kwamba mtoto wa kiwango cha 1200 akiwa na +2 hayuko salama kama fomula inavyodai, maana haikutengenezwa kwa watu wa aina yake. Si neno, mradi unatumia kipimo kimoja siku zote.

Hatua za mwanzo usizihesabu, kwa sababu mtu anazicheza kwa kumbukumbu. Matej Guid na Ivan Bratko, watafiti wa Ljubljana waliowalinganisha mabingwa wa dunia kwa kompyuta mwaka 2006, walianza kuhesabu hatua ya 12. Watoto wangu kumbukumbu inawaishia mapema zaidi, mimi huanzia ya 8.

Watafiti hao waliacha pia mikao ambayo tayari imeegemea upande mmoja kwa zaidi ya askari wawili, kwa hoja kwamba anayeshinda huchagua njia salama hata kama si bora. Kwa kazi yao hoja ni sahihi. Kwa kazi yetu, usiwafuate. Wao walitafuta nani alicheza vizuri zaidi. Sisi tunatafuta nani anabanwa, na hakuna kinachobana kama kushinda. Mtoto aliyepoteza askofu hucheza kwa uhuru, hana cha kulinda. Aliyepata askofu dhidi ya kijana mkubwa anayemuogopa, huyo ndiye anayetetemeka mkono. Mikao ya +3 na +4 ibakize kwenye jedwali.

Mkao ulikuwa mgumu kiasi gani?

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapoteleza.

Washa injini kwenye mkao wa kabla ya hatua, na uiambie ionyeshe mistari mitatu badala ya mmoja, yaani hatua tatu bora na mwendelezo wa kila moja. Geuza tathmini za mistari yote mitatu kuwa asilimia. Ikiwa yote iko ndani ya pointi tano, mchezaji alikuwa na nafasi ya kutosha, angecheza karibu lolote la maana. Ikiwa wa kwanza uko 55 na wa pili umeanguka hadi 30, kulikuwa na hatua moja tu ya kumwokoa. Ni kama kupita mkondo wa Mkanda kwa boti maji yamekupwa: njia ipo, lakini ni moja, na ukiikosa umekaa juu ya mchanga.

Lakini usikimbilie kuuita kila mkao wa njia moja kuwa mgumu. Ukiliwa malkia wako, hatua pekee ni kumla malkia wa mwenzako, na hata mtoto wa wiki ya kwanza anaiona. Injini itakuonyesha tofauti kubwa ajabu kati ya mstari wa kwanza na wa pili, na ugumu ni sifuri. Kwa hiyo unahitaji kipimo cha pili, na hiki tena naazima kwa Guid na Bratko: tazama kama injini inabadili mawazo. Injini hutafuta kwa kina, kwanza hatua chache mbele, kisha zaidi na zaidi. Andika hatua inayoipendekeza kwenye kina cha 6, cha 10, cha 14 na cha 18. Ikiwa ni ileile tangu mwanzo mpaka mwisho, jibu lilikuwa juu juu. Ikiwa kina cha 6 kinasema kula askari, cha 10 kinasema rudi nyuma, na cha 18 kinasema toa farasi, basi mkao huo una mtego, na binadamu aliyenaswa humo halaumiwi. Kwenye simu nambari za kina hupita haraka mno, kwa hiyo rekodi skrini halafu uitazame video polepole. Ni njia ya kifundi, lakini inafanya kazi.

Mimi huupa kila mkao alama: sifuri, moja au mbili. Sifuri ni pale palipo na hatua nzuri nyingi, au hatua moja iliyo wazi kama ya kula kete iliyokula. Mbili ni pale ambapo hatua nzuri ni moja na injini yenyewe haikuiona kwenye kina kifupi. Yote mengine ni moja. Kuna watakaosema hii ni hesabu ya kienyeji. Ni kweli, lakini watu wawili wakiupa mchezo uleule alama bila kutazamana, hukaribiana, na hilo kwangu ni muhimu kuliko desimali.

Sasa tazama makosa makubwa, tuseme hasara ya pointi 10 na kuzidi, ukiyatenga kwa ugumu. Kosa kwenye mkao wa alama mbili halikwambii chochote kuhusu presha. Kosa kwenye alama sifuri ndilo la kulizungushia duara.

Mfano mzuri ni mchezo wa 14, yaani wa mwisho, wa ubingwa wa dunia uliochezwa Singapore tarehe 12 Desemba 2024. Ding Liren na Gukesh walikuwa wamelingana 6.5 kwa 6.5. Ding alikuwa na askari mmoja pungufu, lakini kete zilizobaki zilikuwa ngome na askofu kila upande, askari wote upande mmoja wa ubao, na mkao ulikuwa wa sare. Kwenye hatua ya 55 alipeleka ngome kwenye mraba wa f2. Ngome zikabadilishwa, Gukesh akamleta askofu d5, maaskofu nao wakalazimika kubadilishwa, na kilichobaki ni askari na wafalme ambamo askari mmoja wa ziada anashinda. Ikaisha hatua ya 58. Uweke mkao ule wa kabla ya hatua ya 55 kwenye simu yako na uitishe mistari mitatu: utaona hatua kadhaa zinazoshikilia sare bila shida. Si njia moja, si mtego wa kina kirefu. Bingwa wa dunia anayajua mambo ya kubadilishana ngome na askofu tangu utotoni. Kwa kipimo chetu huo ni mkao rahisi wenye hasara kubwa kupita kiasi. Kilichomfikisha pale kompyuta haikijui. Inachojua ni kwamba hakikuwa ubaoni.

Saa

Kwenye ukurasa wa uchambuzi wa Lichess kuna grafu ya muda wa kila hatua. Ukiiona mara ya kwanza utadhani ni pambo. Ichukue kwa makini, ila usitazame sekunde tupu. Dakika nne ukiwa na arobaini si kitu; dakika nne ukiwa na kumi na mbili umetumia theluthi ya uhai wako. Kwa hiyo gawa muda uliotumika kwa muda uliokuwepo kabla ya hatua, uandike sehemu hiyo kwenye safu yake karibu na ugumu.

Barazani kwangu nawajua watu wa aina mbili. Kuna anayeganda, na kuna anayekimbia. Binti mmoja wa gredi ya 8 ni wa kuganda: mkao wa alama sifuri, hatua tatu nzuri mbele yake, anakaa mpaka theluthi ya saa inakwisha, halafu anacheza hatua nzuri kabisa. Ukitazama makosa tu, hana tatizo. Tatizo linajitokeza hatua kumi baadaye, mkao ukiwa mgumu kweli na yeye hana muda. Wazazi huiona hatua ile ya mwisho wakasema hapo ndipo alipobanwa. Alibanwa kitambo, pale alipokuwa na dakika nyingi na hakuna hatari.

Anayekimbia ni kinyume. Mpinzani amefanya kosa, au amemtishia malkia, na yeye anajibu kwa sekunde mbili kana kwamba ubao unamchoma vidole. Huyu mtafute kwa kuchuja safu: ugumu moja au mbili, sehemu ya muda chini ya moja kwa hamsini, hasara pointi 10 na kuzidi. Hao wa kukimbia ni wengi zaidi miongoni mwa wavulana wangu, na kwa maoni yangu ni rahisi kuwasaidia, maana muda wanao. Anayeganda anahitaji subira zaidi.

Kosa linalozaa kosa

Tafuta pia kinachotokea baada ya tukio. Chukua kila kosa la mchezaji lenye hasara ya pointi 15, halafu piga wastani wa hasara ya hatua zake tatu zinazofuata. Linganisha na wastani wake wa kawaida kwenye mikao ya ugumu uleule. Wengine wakishaumia hutulia. Wengine hufuatisha kosa la pili ndani ya hatua mbili, wakijaribu kulipa deni kwa haraka. Fanya hivyo hivyo baada ya kosa la mpinzani, kwa sababu kuna wachezaji ambao hawavurugwi na hasara, wanavurugwa na bahati.

Na kuna uvujaji. Tuseme tathmini zinakwenda +4.0, +3.1, +2.3, +1.2, +0.3. Kwa asilimia ni 81, 76, 70, 61, 53. Hakuna hata hatua moja hapo ambayo Lichess itaitia alama ya kosa kubwa, kwa hiyo macho yanapita. Lakini mtu amekabidhi ushindi mzima, kipande kwa kipande, kwa kurudisha kete nyuma na kulinda vitu visivyotishiwa. Huo ni woga wa kushinda, na utauona kwa kuchora mstari wa asilimia, si kwa kuhesabu alama za kuuliza ambazo programu huweka kwenye makosa.

Mlinganishe na nafsi yake

Mpaka hapa huna kipimo bado, una dalili. Ili upate kipimo lazima uwe na mafungu mawili ya michezo ya mtu mmoja: ya utulivu na ya mashindano. Ya utulivu ni ile ya barazani, kahawa ipo, hakuna pointi wala kombe. Ya mashindano unaijua. Muda wa saa uwe sawa kwenye mafungu yote mawili, la sivyo unapima saa. Usitamke lolote kabla ya michezo kumi kila upande, na hata hapo tamka kwa sauti ndogo.

Nitoe mfano wa kubuni. Mchezaji akiwa ametulia, hasara yake ya wastani kwa hatua ni pointi 2 kwenye mikao ya sifuri, 5 kwenye ya moja, na 14 kwenye ya mbili. Kwenye mashindano ni 3, 11 na 16. Ukijumlisha zote utasema amezorota kidogo kila mahali. Ukitenga, unaona kitu kingine: kwenye rahisi yuko karibu palepale, kwenye ngumu sana pia, maana kule alikuwa akikosea hata nyumbani. Kilichovunjika ni cha katikati, mikao anayoiweza kwa kufikiri kidogo. Nambari 11 dhidi ya 5 ndiyo makadirio yako ya presha. Mwingine atavunjika kwenye sifuri, naye ana tatizo tofauti, mara nyingi la usingizi au chakula.

Hilo la chakula si mzaha. Michezo ya Ramadhani baada ya alasiri niliitenga fungu lake, kwa sababu hasara hupanda kwa kila mtu na haina uhusiano na woga. Vivyo hivyo mzunguko wa kwanza wa mashindano ya Mombasa. Mtoto wa Lamu ameondoka alfajiri kwa boti hadi Mokowe, amepanda basi, amekaa njiani saa nyingi, halafu anaketi mbele ya mtoto wa Nyali aliyelala kitandani kwake. Ukiita hiyo presha unamwonea.

Uchovu na presha, kwa kweli, kompyuta haiwezi kuvitenganisha peke yake, hata kwa wakubwa. Dubai, 2021, mchezo wa sita kati ya Magnus Carlsen na Ian Nepomniachtchi ulikwenda hatua 136, karibu saa nane za kukaa kitini, mrefu kuliko wowote katika historia ya ubingwa wa dunia. Michezo mitano ya kabla yake yote ilikuwa sare. Baada ya kushindwa mchezo huo, Nepomniachtchi akapoteza wa 8, wa 9 na wa 11. Kwenye wa 9 alisukuma askari c5 hatua ya 27, Carlsen akajibu c6, na askofu mweupe aliyekuwa b7 akafungiwa mlango. Mkao ule ukiupima kwa mistari mitatu utakubali kwamba haukudai hatua ile. Je, ni mwili uliochoka, au ni kichwa kilichojua kwamba mechi inaponyoka? Ukiona mtu anakujibu kwa uhakika kutokana na nambari tu, mpishe.

Siku hizi kwenye mashindano fulani makubwa wachezaji hufungwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo, na watazamaji huona nambari ikipanda kwenye skrini. Inapendeza kutazama. Kwa mwalimu wa mtaani haiongezi mengi, kwa sababu moyo hupiga kwa furaha pia.

Uliza, lakini uliza vizuri

Baada ya jedwali, chagua hatua mbili au tatu zilizozungushiwa duara, mkae wawili, uweke ubao. Injini izime. Usianze na "hapa ulibabaika." Uliza, "Hapa ulikuwa ukitazama nini?" na unyamaze. Kijana mmoja alikuwa ameganda dakika tisa kwenye mkao wa sifuri, na mimi nilikuwa nimeshajitungia maelezo marefu. Akaniambia, "Ami, nilikuwa natafuta namna ya kumwomba refa ruhusa ya kwenda msalani." Mwingine akasema farasi alimwona tangu mwanzo, ila babake alikuwa amesimama nyuma ya kamba, na akaona bora acheze kitu ambacho baba hatauliza. Hilo la pili ndilo tulilolifanyia kazi: baba sasa hukaa nje mpaka mchezo uishe, kwa hiari yake mwenyewe.

Majibu yaandike kwenye safu ya mwisho kwa maneno ya mtoto mwenyewe. Usiyasome barazani mbele ya wenzake. Na injini isifunguliwe kwa sababu yoyote wakati mchezo unaendelea, hata mtandaoni, hata wa mzaha. Huo ni wizi, na data uliyoikusanya inakuwa takataka.

Kwa mwenye laptopu

Ukishafanya michezo michache kwa mkono utachoka, na hapo Python, lugha ya kuandikia programu, itakufaa. Sakinisha maktaba iitwayo chess, iliyoandikwa na Niklas Fiekas, halafu pakua Stockfish. Maktaba inasoma faili la PGN, ambamo hatua za mchezo zimeandikwa, inatembea hatua kwa hatua, inauliza injini mistari mitatu kwa kila mkao, na inaandika majibu kwenye CSV, faili la jedwali unalolifungua kwa Excel. Ukipakua michezo yako kutoka Lichess, chagua ije na tathmini na saa: zitakuwa ndani ya maandishi ya hatua kama %eval na %clk, na huenda usihitaji kuchambua upya isipokuwa kwa ajili ya ile mistari mitatu.

Usiiwekee injini kikomo cha sekunde. Laptopu kuukuu mchana wa jua hupunguza mwendo, na mkao uleule utapata jibu tofauti usiku. Weka kikomo cha idadi ya nodi, yaani mikao ambayo injini inaipitia, na utumie uzi mmoja wa prosesa, kwa sababu Stockfish ikitumia nyuzi nyingi haitoi jibu lilelile mara mbili.

Kwa ugumu, kuna kitu bora kuliko alama zangu za sifuri hadi mbili. Maia ni injini iliyofunzwa kwa michezo ya watu kwenye Lichess, kazi ya watafiti wa Toronto, Cornell na Microsoft iliyotoka 2020, nayo haitafuti hatua bora bali hatua ambayo binadamu wa kiwango fulani angeicheza, kuanzia 1100 hadi 1900. Uiendeshe ndani ya Lc0, injini nyingine ya sataranji, na uiwekee nodi moja tu. Ukiiachia itafute zaidi inaanza kuwa hodari na inapoteza ubinadamu wake. Chagua Maia ya kiwango cha mchezaji wako. Ikiwa Maia ya 1300 inaipata hatua sahihi na mtoto wako wa 1300 ameikosa, weka duara. Ikiwa Maia nayo imekosea vilevile, pita, hapo ni suala la masomo. Pia unaweza kuijaribu bila kusakinisha chochote, kwa kucheza Lichess dhidi ya maia1, maia5 na maia9, ambazo ni za 1100, 1500 na 1900, ili uonje makosa ya kila kiwango yanavyofanana.

Faili la kila mtoto liwe lake peke yake, lenye nywila, na nakala apewe yeye au mzazi wake akiitaka.